Mama Mkwe Alisukuma Gari

Valeriani aliuza mchele pale Majengo, mjini Mpanda. Nyumba yake ilikuwa Nsemulwa. Kila asubuhi alichukua kitambaa kibichi akafuta gari lake dogo jeupe. Alianza na taa, akaja kwenye vioo, akamalizia na milango. Hata chai alikunywa amesimama, macho kwenye gari. Majirani walimwona, naye alipenda wamwone.

Mke wake, Marsela, naye alijua kuendesha. Ndiye aliyewapelekea wateja mchele. Siku moja alirudi akasema, "Baba Jeni, gari linatetemeka likianza kuondoka. Linatetemeka kama ng'ombe mwenye homa."

"Wewe ndiye hujui kuliondoa."

"Na likipanda kilima, injini inalia sana, lakini mwendo hauongezeki."

"Mama Jeni, giaboksi nimeitia oili mpya juzijuzi tu. Oili ni oili. Unataka nini tena?"

Marsela akavuta ungo, akaendelea kupepeta mchele.

Siku hizo mama yake Marsela, Bibi Regina, alikuwa kwao. Alitoka Mwese kuja kutibiwa jicho. Valeriani alimheshimu sana mama mkwe wake. Katika familia yao, mkwe na mama mkwe hawakusemezana ovyo. Maneno yote yalipita kwa Marsela, hata kama wote watatu wamekaa mkeka mmoja.

"Marsela, mwambie mkwe nimeshiba," Bibi Regina alisema.

"Mwambie mama nimefurahi," Valeriani alijibu, akiangalia ukuta.

Marsela hakurudia kitu. Alicheka tu. Wote walikuwa wamesikia.

Jicho lilipopata nafuu, Valeriani akasema atamrudisha mama mkwe nyumbani kwa gari lake. Hakutaka aende mikono mitupu. Akapakia magunia ya mchele nyuma mpaka gari likainama. Bibi Regina akakaa kiti cha nyuma, jicho moja limefunikwa pamba nyeupe. Safari ya Mwese ikaanza.

Milima ya Mwese haina mchezo. Kwenye mpando mmoja mkali walikuta ng'ombe wanavuka barabara. Valeriani akasimama katikati ya kilima. Lakini hakukanyaga breki. Alikanyaga mafuta kidogo, gari likaning'inia pale pale, haliendi mbele wala nyuma.

"Kanyaga breki, baba Jeni," Marsela alisema.

"Dereva kamili hashiki breki mlimani," alijibu kwa sauti, ili mama mkwe asikie.

Ng'ombe walikuwa wengi, na hawakuwa na haraka. Harufu ya kitu kinachoungua ikaingia ndani ya gari. Taa ya njano ikawaka mbele ya usukani. Ng'ombe wa mwisho alipopita, Valeriani akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma. Gari halikwenda. Likaanza kurudi nyuma.

Hapo ndipo alipoikumbuka breki.

Nyuma yao lori la mbao lilikuwa linapiga honi. Pembeni ya barabara walikaa vijana wa bodaboda. Waliona kila kitu.

"Mzee, hilo gari au jiko?" aliuliza mmoja wao, Zablon.

"Wali umeiva huo! Pakua tule!" mwingine akadakia. Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Uso wa Valeriani ukawaka moto. Akashuka. Akasahau mila, akasahau adabu. Akamnyooshea mke wake kidole, na kwa mara ya kwanza akasema na mama mkwe wake uso kwa uso.

"Mama, ni huyu binti yako! Ndiye ameniulia gari! Mwanamke hapewi usukani!"

Vijana wakaacha kucheka. Marsela akainamisha kichwa.

Bibi Regina alishuka polepole. Akavua kandambili zake, akaziweka kwenye majani. Akaenda nyuma ya gari, akaweka mikono yote miwili juu ya buti.

"Mama, acha!" Marsela alisema.

"Lori linataka njia," Bibi Regina alijibu. Akaanza kusukuma.

Marsela akamfuata. Vijana nao wakaja mbio. Valeriani alirudi kwenye usukani, maana lazima mtu aongoze gari pembeni. Akatazama kioo. Ndani ya kioo aliona pamba nyeupe, na chini yake mdomo wa mama mkwe wake umefumbwa kwa nguvu. Mama mkwe anasukuma gari la mkwe! Valeriani akakigeuza kioo kile, kitazame juu.

Gari lilipotoka njiani, Bibi Regina akavaa kandambili zake. Akapanda pikipiki ya Zablon, akaenda zake. Hakuaga. Hakutuma neno lolote kwa mkwe kupitia Marsela.

Dereva wa lori akashuka na kamba. "Niwavute?"

Lakini Marsela alikuwa tayari amempigia simu jirani yao Osward, fundi mwenye gereji pale Nsemulwa. Sauti ya Osward ikatoka kwenye simu kwa ukali.

"Msilivute kwa kamba! Hilo linavuta kwa magurudumu ya mbele. Yakiburuzwa wakati injini imezimwa, oili haizunguki, giaboksi inajisaga yenyewe. Zimeni. Liacheni lipoe kabisa. Shusheni mzigo. Likikubali kuwaka, rudini polepole. Likikataa, semeni nije na gari la kulibeba."

Magunia yakaenda na lori. Gari lilipopoa likakubali. Wakarudi Mpanda polepole. Nyumbani Valeriani hakula.

Asubuhi yake walikwenda gereji. Osward alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono myeusi. Akafungua giaboksi kwa chini, akamwaga oili kwenye beseni. Ilikuwa nyeusi, na ilinuka kama chungu kilichoungua. Akachovya kidole, akakiinua juani. Kiling'aa kwa unga mdogo wa chuma.

"Hii si oili yake," alisema. "Hii ni haidroliki, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida. Nani alitia hii humu?"

Marsela alijua. Alikuwepo siku Valeriani alipoinunua dukani. Lakini hakusema. Aliangalia tairi kuukuu lililolala mlangoni, akaendelea kuliangalia.

Kimya kile kilimchoma Valeriani kuliko kelele za vijana wa bodaboda. Jana yeye alimtaja mke wake mbele za watu. Leo mke wake anamfichia.

"Ni mimi," alisema.

"Haya, kaka, kaa hapa nikueleze. Wewe unakoboa mpunga mashineni, sivyo?"

"Kila wiki."

"Mkanda wa mashine ukiteleza, inakuwaje?"

"Injini inapiga kelele, lakini mashine haikoboi. Halafu mkanda unanuka kuungua."

Aliposema hivyo, akajisikia mwenyewe. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Umeona!" Osward alipiga makofi. "Gari lako lina giaboksi inayoitwa CVT. Ndani yake hakuna gia za kupanda moja, mbili, tatu. Kuna puli mbili, kama zile za mashine yako, na mkanda wa chuma. Puli zinajibana na kujiachia, ndipo gari linapata nguvu au mwendo. Mkanda ule unafanya kazi ndani ya oili. Oili yake halisi inaupoza, na bado inauacha ushike. Ukitia nyingine, mkanda unateleza. Ukiteleza unakwaruzika, unatoa unga huu."

"Kwa hiyo kule kutetemeka..."

"Lilikuwa linakuambia. Kutetemeka likiondoka, injini kulia bila mwendo, harufu ya kuungua, mlio kama wa nyuki. Ukiona dalili moja, njoo mapema. Kuna mtu alikuambia?"

Valeriani akamtazama Marsela. "Nilikuwa naambiwa."

"Na mlimani unalishikaje?"

"Kwa mafuta."

"Aa, kaka! Kwa nini usimame na gunia kichwani wakati pa kulitua papo? Simama na breki. Mkanda upumzike. Mlima ukiwa mkali weka gia kwenye L, ile ya nguvu, na panda bila papara. Usirudishe nyuma kabla gari halijasimama kabisa. Na siku nyingine magunia mpe mwenye lori."

"Lakini watu wanasema CVT hazidumu."

"Zinadumu kwa anayezitunza. Badilisha oili na filta yake kila kilometa elfu arobaini. Kwa joto na milima yetu, mimi nasema hata thelathini usipitishe. Aina ya oili imeandikwa kwenye kitabu cha gari. Kama kitabu ni cha Kijapani, niletee namba ya chesisi nikutafutie."

"Na hili langu litapona?"

Osward akakuna kichwa. "Bakuli la oili nitasafisha, filta nitabadilisha, oili yake nitatia. Mkanda haujakatika, lakini umekwaruzika. Oili hairudishi chuma kilicholika. Utalisikia linalia mlimani. Litunze, litakupeleka."

Gari likatengenezwa. Siku ya Bibi Regina kurudi kliniki ya jicho ikakaribia. Marsela akampigia simu mama yake, akarudi na jibu.

"Mama anasema atakuja kwa pikipiki."

Valeriani alielewa. Asipokwenda yeye mwenyewe, mama mkwe hatapanda gari lile tena, na mlango wa Mwese utafungwa taratibu. Akachukua ufunguo, akampa mke wake.

"Endesha wewe, mama Jeni."

Marsela akakaa kwenye usukani. Kitu cha kwanza alichofanya, alikirudisha kioo mahali pake.

Walipofika kwenye kilima kile, vijana walikuwepo. "Mzee, leo jiko limezimwa?" Zablon alipiga kelele.

"Simama hapa," Valeriani alimwambia mke wake. Akashuka. "Vijana, nyie mlikuwepo siku ile. Nilisema mke wangu aliua gari. Nilisema uongo. Nilitia oili isiyo yake, nikalining'iniza mlimani. Ni mimi."

Zablon alitaka kucheka, akaacha. "Sawa, mzee," alisema.

Bibi Regina alikuwa uani, anaanua nguo. Alipowaona hakugeuka. "Marsela, mwambie mkwe nimeshaita pikipiki."

"Mama," Valeriani alisema, "siku ile maneno mabaya sikuyapitisha kwa Marsela. Leo radhi nayo siwezi kuipitisha kwake. Nilikukosea. Nilimkosea binti yako. Gari niliharibu mimi."

Bibi Regina akakunja kanga moja. Akakunja ya pili.

"Marsela," alisema, "muulize mkwe. Akisimama mlimani, atakanyaga nini?"

"Breki, mama," Valeriani alijibu.

Mama mkwe akaenda kuchukua kandambili zake.

Mpaka leo gari lile linapanda na kushuka Mwese. Oili hubadilishwa kabla ya wakati, na magunia hupanda lori. Marsela akisema amesikia kitu, Valeriani huzima redio wasikilize wote.

Siku ile waliporudi Mpanda na mama mkwe, kwenye kilima kingine ng'ombe walikuwa wanavuka tena. Marsela akakanyaga breki, akasubiri. Mguu wa Valeriani nao ukakanyaga sakafu, ingawa hapakuwa na kitu pale. Ng'ombe wakapita. Gari likapanda, likilia kwa sauti nyembamba chini ya miguu yao.

"Mkwe," Bibi Regina aliita kutoka nyuma.

Valeriani akashtuka. Safari hii mama mkwe hakupitia kwa Marsela.

"Naam, mama."

"Hicho kinacholia ni nini?"

"Ni kosa langu, mama. Fundi anasema halitoki."

Bibi Regina akasikiliza kidogo.

"Basi liache lilie," alisema. "Ili mradi tunapanda."