Twashukuru, Hatuna Neno

Kila siku ya kliniki, Ruwaida alimaliza kwanza kazi ya mama yake: kupanga mahamri ya kuuza kwenye beseni na kufunika mbaazi za nazi zisipoe. Kisha alivuka uchochoro kumchukua Mzee Farjallah. Huyu alikuwa jirani yao hapo Kibarani, fundi cherehani aliyeishi peke yake, na ugonjwa wa sukari ulikuwa umeanza kumpunguzia macho. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Ruwaida ndiye aliyemshika mkono mpaka hospitali ndogo ya mtaa. Njiani mzee alimtania kwamba anarefuka kama mpapai, na sare ya muhula mpya itammalizia kitambaa chote dukani.

Wagonjwa wa sukari hutakiwa kupimwa damu kabla ya kutia kitu kinywani. Basi wazee walifika alfajiri na njaa zao, wakaketi barazani. Maabara ilipaswa kufunguliwa saa moja. Ilifunguliwa saa nne, na siku nyingine saa tano, kutegemea mpimaji, kijana aitwaye Eugene, ameamka vipi. Alipofika, wazee walimsalimu kwa tabasamu na kumwuliza habari za nyumbani. Ungedhani wao ndio waliochelewa.

Asubuhi moja mwili wa Mzee Farjallah ulishindwa. Jasho lilimtoka, midomo ikamtetemeka, akaanguka sakafuni mbele ya Ruwaida. Wanawake wawili wakampaka sukari ndani ya shavu mpaka akafumbua macho. Neno lake la kwanza halikuwa la maumivu.

"Usimwambie mtu, mwanangu," alimnong'oneza Ruwaida. "Usinivunjie heshima."

Ruwaida alimwambia mama yake, maana alimwogopea mzee. Mama yake, Bi Tima, alikuwa mwakilishi wa wagonjwa katika bodi ya hospitali ile. Kazi hiyo haikuwa na malipo, na ilipotangazwa kila mtu alitazama miguu yake. Bi Tima aliinua mkono. Majirani walicheka, wakauliza kama sasa bodi itakuwa inakula mahamri.

Alilipeleka jambo lile kwenye kikao. Daktari msimamizi alijibu kwamba hajawahi kupokea lalamiko hata moja. Mwenyekiti wa bodi, Bwana Azim, akasema hakuna haja ya kubishana. Wagonjwa waitwe, waulizwe wenyewe.

Wakaitwa barazani, Ruwaida naye akiwa amemshika mkono Mzee Farjallah. Bwana Azim aliuliza kwa upole kama maabara inachelewa kufunguliwa na kama kuna mtu aliyewahi kuanguka kwa njaa. Eugene alisimama pale pale mlangoni, mikono kifuani. Mmoja baada ya mwingine, wazee wakajibu kwamba wanashukuru, hawana neno. Sisi watu wa huku tuna adabu, na adabu ni jambo jema. Lakini ile haikuwa adabu hata kidogo, ilikuwa hofu iliyovaa kanzu. Nani angemkasirisha mtu ambaye kesho atamshika mkono na kumdunga sindano?

Hata wale wanawake waliompaka mzee sukari walitazama pembeni. Ikafika zamu ya Mzee Farjallah.

"Kijana huyu ni kama mwanangu," alisema. "Mimi sijapata kuanguka hapa. Twashukuru, hatuna neno."

Bi Tima akamgeukia binti yake.

"Ruwaida, wewe ulikuwepo. Sema ulichokiona."

Macho yote yakamwelekea. Ruwaida alimtazama mzee, akamwona anatikisa kichwa polepole, anamsihi. Akatazama chini.

"Sikuona kitu, mama."

Tangu siku hiyo Bi Tima akaitwa mzushi. Wateja wake walilipita beseni la mahamri kama hawalioni. Bodini, kila alipofungua kinywa, wenzake walitazamana. Hakumgombeza binti yake, na hilo lilimuuma Ruwaida kuliko fimbo. Aliona haya hata kumtazama Mzee Farjallah. Kliniki iliyofuata hakwenda kumchukua, akajisingizia kichwa kinamuuma.

Mzee alikwenda peke yake. Alingoja mpaka jua likawa kali, njaa ikamzidi, akainuka kutafuta hata maji. Akaanguka kwenye ngazi za baraza. Safari hii nyonga ilivunjika.

Ruwaida alilia mpaka sauti ikamkauka. Kikao cha bodi kilipofika alimwomba mama yake amchukue, akasimama mbele ya watu wazima.

"Nilisema uongo," alisema. "Mzee alianguka mbele yangu mara ya kwanza. Mama alisema kweli, na mimi nilimkana."

Bwana Azim aliwaita wagonjwa tena, bila Eugene, na sasa ndimi zao zikafunguka, kila mmoja na lake. Eugene aliondolewa. Siku hizi maabara inafunguliwa asubuhi na mapema, na wazee wakishatolewa damu hupewa uji hapo hapo. Wakikutana na Bi Tima humwambia wanashukuru. Yeye huitikia kwa kichwa tu.

Mzee Farjallah alirudishwa nyumbani kwa magongo. Ruwaida na mama yake walimkuta amelala kitandani, cherehani yake ya kukanyaga imefunikwa leso pembeni. Ruwaida alimwamkia shikamoo, akapiga magoti kumwomba radhi.

"Marahaba. Inuka, mwanangu," mzee alisema. "Mimi ndiye niliyekufunga mdomo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nimeumbuka kabla sijafa. Mama yako alijitolea kutusemea, sisi tukamwacha peke yake, tena tukamfanya mwongo. Mwakilishi hana nguvu nyingine ila ukweli wa wale anaowasemea. Siku nyingine ukiulizwa umeona nini, sema ulichokiona, hata kama anayekukataza ni mtu mzima, hata kama ni mimi."

Bi Tima alijifuta macho kwa ncha ya buibui. Mzee akaashiria cherehani, akamwambia Ruwaida aichukue, kwa sababu mguu wake hautaikanyaga tena.

Ruwaida akaondoa leso. Chini ya sindano palikuwa na sare yake ya shule, imetiwa mkono mmoja tu, wa pili bado haujashonwa.