Pesa Zilizongoja Jua Kuzama

Mvua ya Kisii haina adabu. Ilimkamata Mokeira katikati ya soko la Daraja Mbili, ikampasulia bahasha na kumwaga kadi za mchango matopeni. Akainama kuziokota, gauni lake la kitenge cha manjano likilowa mpaka magotini. Mkono mwingine ukaokota pamoja naye, mkono wenye bangili ya shaba.

"Njoo dukani, dada. Tuna pasi."

Lilikuwa duka la vitambaa la mzee Prakash. Mwanawe, Nishant, yule mwenye bangili, akazinyoosha kadi juu ya meza ya fundi, moja moja, kama sare za shule.

"Na pasi hii ni bei gani?" Mokeira akauliza.

"Namba yako ya simu."

"Kumbe Wahindi mnajua kupunguza bei!"

"Wa Kisii tunajua. Babu yangu alimuuzia babu yako shuka."

"Na mpaka leo babu analalamika ilikuwa fupi!"

Wakacheka. Kisha Nishant akaisoma kadi: Mama Bochaberi wa Nyamira, mgonjwa wa Pakinson, apelekwe ng'ambo kwa matibabu ya seli shina. Kicheko kikamkauka. Akazifunga kadi kwa utepe, akamrudishia zote. Hakubaki na hata moja.

Mokeira aliliona hilo, akalimeza. Simu za Nishant zilipoanza, asubuhi "umeamkaje, roho yangu," mchana "umekula, malkia wa matoke?", akalisahau kabisa. Kufikia mwezi wa pili bangili ya shaba ilikuwa mkononi mwa Mokeira.

Lakini ugonjwa haukusahau. Miaka thelathini na mmoja Mama Bochaberi, mamake Mokeira, alichuma chai kwenye miteremko ya watu. Vidole vilivyojaza vikapu vya wenye mali sasa havikuweza kushika kikombe cha chai hiyohiyo. Nani alikuja kumuuliza hali, katika wale waliojenga maghorofa kwa majani yake? Hakuja mtu. Aliyekuja ni Gibson, wakala mwenye koti la kijivu na video kwenye simu: mzee mwenye kofia nyekundu anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, halafu mzee huyohuyo anapiga mpira. Maskini akionyeshwa mpira huo, atauza kuku, mbuzi na ploti.

Na waliuza. Jumapili ya mchango majirani walijaa uwanjani. Nishant alifika na shati jeupe lililonyooka, na moyo wa Mokeira ukapaa. Wakampa kipaza sauti.

"Dawa za Mama na mtu wa kumfanyisha mazoezi, nitalipa kila mwezi," alisema. "Kwa safari hii sitatoa hata ndururu."

Gibson akacheka kwa sauti. "Msimlaumu, ndugu zangu. Huo ni mkono wa birika, amezaliwa nao."

Mokeira alimfuata Nishant mpaka langoni, macho yakimwaka.

"Mbele ya kijiji kizima, Nishant? Sababu ni nini?"

"Siwezi kusema. Niliapa."

"Basi kaa na kiapo chako ukioe!" Akavua bangili, akamtupia kifuani.

Wiki nzima hakupokea simu yake.

Jumamosi Gibson ndiye aliyepiga. "Ada ya hospitali ifike leo saa kumi jioni, la sivyo nafasi ya mama anapewa mgonjwa mwingine."

Pesa zilikuwa kwenye simu ya Mama, na namba ya siri aliijua Mama peke yake. Alikuwa kitandani, kitambaa cheupe cha kanisa kichwani, Biblia ikitetemeka mapajani.

"Leo ni Sabato," alisema.

"Mama, ni kubonyeza tu!"

"Hata hizo seli wanazosema, aliyeziumba alipumzika siku ya saba. Jua likizama tutabonyeza."

"Na nafasi ikienda? Mama, nitakuzika kwa sababu ya saa mbili na nusu?"

"Utanizika siku moja, binti yangu. Lakini si kwa kuvunja Sabato."

Mokeira akatoka nje kulia kwenye migomba. Saa kumi ikapita. Simu ya Gibson ikaita mara sita. Jua lilipokuwa linaugusa mlima, pikipiki ikasimama uani. Aliyeshuka ni Nishant, faili kwapani.

"Bwakire, mama," alisalimu mlangoni.

"Hiyo ni ya asubuhi, mwanangu. Sasa ni bwairire. Jua limezama."

Nishant akapiga magoti kando ya kitanda, akafungua faili. Zilikuwa risiti za mama yake, Hemlata.

"Pakinson, kama wewe. Baba aliuza duka letu la Ogembo, tukampeleka ng'ambo. Sindano mbili. Alirudi vilevile, kisha akazidiwa, na hatukuwa na kitu tena cha kununulia hata dawa. Baba akatuapisha tusiseme. Mfanyabiashara aliyetapeliwa huchekwa soko zima. Leo amenifungua kiapo." Akamgeukia Mokeira. "Na hii ndiyo video waliyotuonyesha. Miaka minane iliyopita."

Kofia nyekundu. Kiti cha magurudumu. Mpira uleule.

Simu ya Mama ikaita tena.

"Sabato imeisha, mama?" Sauti ya Gibson ilikuwa asali. "Ile nafasi nimekushikia."

Kumbe nafasi iliyofungwa saa kumi ilikuwa na mlango wa nyuma!

"Imeisha," Mama akasema. "Na wewe umeisha. Kesho nitawaita waliochanga, tuamue pamoja. Kuna daktari wa neva Nairobi na kuna dawa. Pesa za kuku wa watu hazitanunua kofia nyekundu." Akakata simu.

Mokeira hakumkumbatia Nishant.

"Uliniacha nikuchukie wiki nzima."

"Ndiyo."

"Na mimi karibu nimlazimishe Mama. Ungechelewa siku moja tu..."

"Najua. Sitanyamaza tena, Mokeira. Sasa hivi nasema mbele ya mama yako: nataka kukuoa. Anayetaka kucheka acheke, hata soko zima."

Akatoa bangili mfukoni. Mokeira aliitazama sana, kisha akamnyooshea mkono, machozi yakimdondoka.

Mama akanyanyua kikombe kwa mikono miwili. Chai ikamwagika kidogo, kama kila siku, kama kesho.

"Mwambie baba yako aje, na aje na shuka," alisema. "Safari hii nitaipima mwenyewe."