Uongo Uliotokea Mlangoni Kwetu

Hapa katika mji wetu mdogo wa Riacho do Umbu, mimi Lucineide ndiye ninayepokea simu. Mume wangu Genivaldo hupanda minara na kuvuta waya. Mimi nakaa mezani na kahawa yangu, nasikiliza watu wakilalamika. Mji mzima unapata intaneti kutoka chumba chetu cha mbele. Kwa hiyo simu zikiwa kimya asubuhi, tunakula kuskus yetu ya mahindi kwa raha.

Asubuhi ile zilikuwa kimya. Ililia moja tu, tena ya mtu tusiyetaka kumsikia: Edileusa, mwenye kampuni ya intaneti ya mji jirani, Lajedo Alto. Tuligombania wateja naye hata salamu zikakatika.

"Jirani, mtandao wangu umezama," alisema. "Kuna mtu anautupia data ya upuuzi, mafuriko matupu. Data ya maana haina pa kupita."

Genivaldo, aliyemsikia kwenye spika ya simu, akacheka. "Pole, bibi wee! Si ulitangaza kuwa wako una mbio kuliko upepo? Basi niletee hao wateja."

"Cheka tu. Mama yako yuko huku zahanati."

Kicheko kikakatika. Mama Quitéria alikuwa amekwenda Lajedo Alto kumwona dada yake. Edileusa akaeleza kwamba kifua kimembana tangu alfajiri. Muuguzi amempima moyo kwa mashine, lakini daktari wa moyo yuko mbali, jijini Fortaleza, na kipimo humfikia kwa intaneti. Simu za mkononi kule zinashika sauti tu. Daktari asipokisoma, muuguzi hathubutu kutoa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, maana dawa hiyo ikikosewa huua.

"Sasa mimi nifanye nini?" Genivaldo aliuliza.

"Yazuie mafuriko. Yanatoka kwako."

"Kwangu? Una wazimu! Wateja wangu ni wafuga mbuzi!"

"Kampuni kubwa inayotuuzia mtandao sisi wote imefuatilia. Yanaingia kwa waya wako."

Genivaldo akafungua skrini inayochora mwendo wa data. Kila siku tulikuwa tukiangalia mstari mmoja tu, ule wa data inayoingia mjini, maana ndiyo tunayouza. Inayotoka, nani aiangalie? Watu wetu hutazama filamu, hawazitengenezi. Safari hii tukauangalia mstari wa pili. Ulikuwa umepanda hadi juu kabisa ya skrini.

Nilishika mdomo. Nje mtaa ulikuwa umetulia, kuku wanaparura. Kumbe kutoka nyumba hizo hizo za majirani zangu kulikuwa kunamiminika kitu cha kuzamisha mji, na hakikuwa na sauti wala harufu. Niliogopa, nikastaajabu, vyote kwa pamoja.

"Kwa nini wewe usizifungie hizo anwani zinazotuma?" nilimuuliza Edileusa.

"Nimejaribu, dada. Kila kipande cha data hubeba anwani ya kilikotoka, kama barua. Hivi vinabeba anwani za uongo, na zinabadilika kila mara. Vikishafika huku siwezi kumtambua mwongo. Ninyi mlio mlangoni ndio mnaozijua anwani za nyumba zenu. Genivaldo, weka sharti kwenye mlango wa kutokea: kipande kisicho na anwani ya nyumba zenu, kisitoke."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Na ulipaswa kuliweka siku ya kwanza."

Genivaldo aliliandika sharti. Akabonyeza. Mstari ukaporomoka mpaka chini.

Mwili ulinisisimka. Maneno machache tu, na mafuriko yote yamekatika! Hata leo nikikumbuka sijazoea.

"Kimekwenda!" Edileusa alipiga kelele kwenye simu. "Kipimo kimekwenda!"

Daktari alijibu kahawa yangu ikiwa bado vuguvugu. Mama akapewa dawa, akapona.

Baadaye Edileusa alikuja kwetu, tukamkaribisha kahawa. Alituambia kuwa shabaha haikuwa zahanati. Ilikuwa nyumba moja ya kijana wa kule aliyemshinda mtu katika mchezo wa kompyuta, na huyo mtu akalipiza kisasi.

"Nami nimejifunza," alisema. "Siku nyingine nitaiomba kampuni kubwa iitupe huko huko kwake, kabla haijanifikia, data yote inayokwenda nyumba inayolengwa. Nyumba moja itakosa mtandao kidogo, mji utapumua."

Kisha akauliza, "Nenosiri la visanduku vya intaneti vya wateja wenu ni lipi?"

Genivaldo akalitaja huku ameinamisha kichwa. Alikuwa ameweka moja kwa nyumba zote, jina la São José, mtakatifu wa mvua, ili fundi asihangaike.

"Wewe! Huku kwetu nani asiyemwomba São José mvua?" Edileusa alimtania. "Huyo mtu alibahatisha mara moja tu, akaingia kila nyumba, akaviamuru visanduku vitume mafuriko."

Tukaanza kubadilisha, kila nyumba na nenosiri lake. Tulianzia kwa Mama Quitéria, aliyekuwa amerudi nyumbani. Kisanduku chake kilikuwa chini ya picha ya mtakatifu, kimefunikwa kitambaa alichokifuma kwa mkono wake. Genivaldo alikichunguza, kisha akakifunika tena.

"Sema, mwanangu."

"Mama, hiki nacho kilikuwa kinatuma mafuriko."

Mama alikisogelea. "Yaani moyo wangu kule unaomba njia, na kisanduku changu huku kinaiziba?"

"Ndiyo, mama."

Akakivua kile kitambaa, akakikunja, akakitia mfukoni.

"Kibadilishe nenosiri kwanza," alisema. "Nguo yake nitakirudishia kikishatubu."