Vichwa Hamsini

Chupa ilikuwa bado na kifuniko chake.

Hicho ndicho kitu cha kwanza Orathai alichokiona alipopitisha dekio mbele ya chumba cha seva, ghorofa ya nne ya Ghala la Damu, Bangkok. Soda nyekundu, sadaka ya mzimu mlinzi, mbele ya kijumba chake, kama kila asubuhi. Lakini leo haikufunguliwa. Haikuwa na mrija.

Mzimu angeinywaje?

Alikuwa amedeki jengo hilo kwa wiki sita. Hakuwahi kuona mtu akimwekea mlinzi wa mitambo soda iliyofungwa. Hata dereva wa gari la damu, ambaye husahau hata viatu vyake mwenyewe, hakusahau mrija. Aliyeiweka hii hakuja kutoa sadaka. Alikuja kujifanya anatoa.

Orathai alipenyeza vidole nyuma ya kijumba.

Patupu.

Alikohoa mara mbili. Ndani ya sikio lake la kushoto, chini ya nywele, kidude kidogo kuliko punje ya mahindi kikaamka.

"Sema, Kifaranga," ilisema sauti ya Kamron, mkuu wake.

"Ufunguo wa zamani haupo."

"Una hakika?"

"Kaka, mkono wangu uko pale ulipokuwa."



"Saa tano na dakika kumi na mbili. Zimebaki dakika arobaini na nane. Nani amepita hapo?"

"Danai. Kanikanyagia sakafu mbichi, hata hakuomba radhi. Yuko kwenye lifti."

"Mfuate."

Orathai hakuacha dekio. Alishuka ngazi nalo, vidato vitatu vitatu.

Danai alikuwa muuza leseni. Uso mzuri, shati la kupigwa pasi, na maneno ya kila mara kwamba yeye ni mtoto wa Korat, mzaliwa wa nchi hii. Alikuja miezi mitatu nyuma, wakati Ghala lina shida.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Kanzidata ya Ghala ndiyo iliyojua kila mfuko wa damu: kundi gani, umekaa friji ipi, mji upi. Hospitali arobaini ziliitegemea. Lakini programu yake ilikuwa na leseni ya zamani, leseni ya vichwa. Majina hamsini yaruhusiwe kuingia, la hamsini na moja lisiruhusiwe. Leseni hiyo haikuwa na mwisho. Ufunguo wake ulikuwa kidude cheusi kama flashi, na Mzee Bunlue, mtunza mitambo, alikificha nyuma ya kijumba cha mzimu. Nani angemwibia mzimu?

Majina yalipojaa na hospitali kukosa nafasi, Danai akaleta leseni ya pili, ile inayohesabu ubongo wa mitambo badala ya watu. Ukiilipia, aingie yeyote, hata elfu. Karatasi zake zilikuwa na mihuri mizuri.

Zote bandia.

Idara ya usalama ya Kamron ilinasa ujumbe wa mabwana wa Danai walioko ng'ambo. Leseni hiyo ingekufa leo, saa sita kamili mchana. Hospitali arobaini zingefungiwa nje. Hapo Danai angejitokeza kama mwokozi na leseni ya tatu, ya kukodi: data yote ihamie kwenye mitambo ya mabwana zake. Damu ya kila mchangiaji, jina lake, anakoishi. Kila askari pia. Kwa sahihi moja ya mzee aliyebanwa.

Idara ilitaka kumkamata akiwa na karatasi hiyo mkononi. Haikuogopa, kwa sababu ufunguo wa zamani ulikuwepo.

Sasa haukuwepo.

Na kulikuwa na jambo ambalo Kamron hakulijua. Alfajiri, simu ya Orathai ilitetemeka mfukoni. Ujumbe wa mdogo wake, Mayuree, kutoka mkoa wa Roi Et: *Mvivu wa shule, uchungu umeanza. Njoo ushike mtoto.*

Saa nne na nusu ukaja mwingine, wa mume wa Mayuree. *Anavuja damu. Wanasema kundi lake ni hasi. Wana mfuko mmoja tu; ukiisha watatafuta kwenye kompyuta.*

Damu hasi. Katika nchi ile, kwa watu elfu moja huwapati hata watatu.

Danai alitokea mlango wa nyuma. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayekwenda kula, akashuka gatini kwenye mfereji, akaingia boti la abiria. Boti likaondoka.

Orathai alimgeukia bodaboda wa kona, mwanamke mnene mwenye kizibao cha rangi ya chungwa.

"Gati linalofuata."

"Na dekio hilo?"

"Na dekio."

"Basi lishike wima, mwanangu. Juzi mtu kanipandia na feni, nikavunja kioo cha teksi."

Honda Wave iliruka kama imechomwa. Vichochoro. Ngazi. Bibi mmoja aliinua sufuria la supu juu ya kichwa chake bila kukatiza simu. Walifika gatini boti likiwa linaligusa tu. Boti la mfereji huo halisubiri mtu. Orathai aliruka.

Kondakta, mwenye helmeti kichwani, alikuwa akitembea ukingoni nje ya boti, mkono mmoja kwenye kamba.

"Dada, dekio nalo nauli yake ipo."

"Litashuka kabla yangu."

Danai alikaa benchi la nne, pembeni. Mkoba mapajani. Mkono mmoja ndani ya mkoba.

"Hutembea na bastola, Glock," ilisema sauti sikioni. "Usimkaribie, Kifaranga. Vijana wangu wako gati la tatu mbele. Dakika kumi na mbili."

"Hatuna dakika kumi na mbili."

"Hiyo ni amri."

"Kaka, damu ya mdogo wangu iko kwenye ile kompyuta."

Kamron aliuliza taratibu: "Mbona hukusema?"

"Mimi husema?"

Boti jingine lilikuwa likija kwa kasi kutoka mbele. Abiria wote wa pembeni walinyoosha mikono bila hata kuinua macho, wakavuta kamba za turubai kuzuia maji machafu. Wote isipokuwa Danai.

"We kaka, vuta kamba," mama mmoja nyuma yake alifoka. "Au leo umeamua kutuogesha?"

Danai aliangalia huku na huku. Hakujua ni kamba ipi.

Maji yalimpiga usoni. Meusi, mazito, yenye harufu ya miaka.

Alifumba macho.

Orathai alifinya kitufe kilichofichwa kwenye mpini. Ncha ya dekio ikagusa kifundo cha mkono wa Danai. Umeme ulilia kidogo, kama mafuta kaangoni. Bastola ikadondoka kati ya magunia ya mboga. Alimgusa tena, shingoni. Danai akalala juu ya bega la yule mama.

"Mume wako?" mama aliuliza.

"Hapana."

"Afadhali."

Ufunguo ulikuwa kwenye soksi yake ya kulia.

Danai alifungua jicho moja. Ulimi ulikuwa mzito, lakini alicheka.

"Chukua, mdeki sakafu. Utakusaidia nini? Vichwa vimejaa tangu mwaka juzi. Mnadhani niliuzaje? Na yule babu wenu hathubutu kufuta hata kimoja. Nimekaa naye. Namjua."

Saa tano na dakika thelathini na nane.

Alimfunga Danai kwenye benchi kwa kamba ya turubai, akamkabidhi kwa kondakta, akarukia gati lililofuata. Yule mwanamke wa bodaboda alikuwa ameshafika, anamsubiri.

"Nilijua hujamaliza kudeki," alisema.

Saa sita kamili, Orathai akiwa ngazi ya ghorofa ya tatu, alisikia simu zikianza kulia juu yake. Moja. Tano. Zote.

Chumba cha seva kilikuwa na baridi kama friji. Kila kioo cha kompyuta kilikuwa chekundu. Mzee Bunlue alisimama katikati, miwani mkononi, na mbele yake karatasi ya leseni ya kukodi. Kalamu ilikuwa wazi.

"Danai kaniambia nikikwama nitie sahihi," alisema. "Mwanangu, nimekwama."

Orathai alichukua kalamu, akaweka ufunguo mahali pake. Mzee aliutazama, kisha akamtazama mdeki sakafu kama ndiyo kwanza anamwona. Hakuuliza. Aliuchomeka.

Vioo vilififia, vikarudi na maandishi ya zamani, ya kijani.

*Vichwa hamsini. Vimejaa.*

"Unaona?" mzee alisema.

"Nionyeshe majina, Mjomba."

Yalishuka kwenye kioo. Daktari Sanguan, mwanzilishi wa Ghala, aliyekufa miaka kumi na mmoja iliyopita. Katibu mkuu aliyestaafu. Mrithi wake aliyestaafu. Nesi mkuu aliyehamia kwa mwanawe Chiang Rai. Wakubwa watupu. Karibu wote walikuwa wameondoka, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumfuta mkubwa. Kila mwaka waliuachia mwaka unaofuata kazi hiyo. Kwa sababu ya aibu hiyo walinunua leseni ya pili.

"Futa, Mjomba."

"Daktari Sanguan ndiye aliyeniajiri. Alinikuta nauza betri." Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. "Nimfute kama deni la duka?"

Simu ya Orathai ilitetemeka. Shemeji. *Kompyuta yao imefungwa. Hawajui damu iko wapi. Anaanza kupoa mikono.*

Alimwonyesha mzee kioo cha simu.

Mzee alisoma mara mbili.

"Nani wako?"

"Mdogo wangu."

Mzee Bunlue alikaa kitini, akavaa miwani. Alipita jina la Daktari Sanguan. Akawapita makatibu. Akashuka hadi chini kabisa, mstari wa hamsini.

*Bunlue.*

"Hili halihitaji ruhusa ya mtu," alisema.

"Mjomba, ukilitoa hutaweza kuingia tena."

"Sasa niko ndani tayari. Nikiinuka kwenye kiti hiki, sirudi. Basi sitainuka mpaka nimalize."

Alifuta jina lake, akaandika mahali pake: *Roi Et.*

Dakika moja. Orathai aliihesabu kwa mapigo ya masikio yake. Kisha mstari wa hamsini uliwaka. Nesi fulani wa mbali, ambaye hatamwona kamwe, alikuwa ameingia. Swali lake lilitembea chini ya kioo, na jibu likalifuata.

*O hasi. Mifuko miwili. Selaphum.*

"Nusu saa kwa gari," mzee alisema. "Kwa pikipiki, wale vijana wa kule, dakika ishirini."

Kisha alivuta pumzi, akakutanisha viganja mbele ya kioo, akainamisha kichwa. Aliomba radhi mara moja, kwa wote. Walioondoka na waliokufa. Akaanza kufuta, na kwa kila jina akaandika hospitali. Hakulia. Alitaja kila jina kwa sauti ndogo, na cheo chake, kama anayewasindikiza mlangoni.

Walipoisha thelathini na tisa, hospitali zote zilikuwa ndani. Nafasi ya mzee haikuwepo.

"Danai tunaye," Kamron alisema sikioni. "Wenzake wanne pia, na mtambo wao. Umefanya kazi, Kifaranga. Rudi."

"Bado."

Alisubiri mlangoni, ameegemea dekio. Saa saba na dakika ishirini simu ililia. Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi, na nyuma yake mtoto alikuwa akilalamika.

"Mvivu wa shule," Mayuree alisema. "Wa kike. Uko wapi?"

"Kazini."

"Bado unadeki?"

"Nimemaliza sasa hivi."

Orathai alifungua kifuniko cha soda nyekundu, akatia mrija, akairudisha mbele ya kijumba. Alimwinamia Mzee Bunlue, aliyekuwa bado kwenye kiti chake. Akaweka dekio begani, akateremka ngazi bila haraka, simu sikioni, kama mtu anayekwenda kununua wali.

Utotoni, nyumbani kwao kulikuwa na sare moja ya shule na wasichana wawili. Asubuhi moja, akiwa darasa la nne, alimwomba mwalimu kifutio. Akalifuta jina lake kwenye daftari la mahudhurio kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia aandike Mayuree. Wakamwuliza sababu. Akasema shule inamchosha. Walimcheka miaka ishirini, na yeye akacheka nao.

"Mayuree."

"Mm."

"Shule haikunichosha. Niliipenda sana."