Mulitaka Vidole ya Namba 16

Jiwe ya kwanza ilipita juu ya portail, ule mulango wa nje, ikavunja kiti ya plastiki. Mama alikuwa ameinuka pale sasa hivi.

Jiwe ya pili ilivunja dirisha.

Halafu sauti ya mwanaume, nje:

"Toka, we muuzaji... Leta vidole."

Mi nilikuwa nimelala chini ku sima, nimeshika telefone. Na mu telefone, sauti ile ile ikarudia nyuma kidogo:

"Toka, we muuzaji... Leta vidole."

Ilikuwa direct, video ya moja kwa moja ku Facebook. Watu zaidi ya elfu walikuwa wanaangalia portail ya kwetu Cibitoke, na vimoyo vyekundu vinapanda ku ekra ya telefone kama mapovu ya Fanta.

Samahani nikiandika vibaya. Naandika na kidole moja. Mutaelewa mbele.

Kwa wale hawanijui: mi ni Khaled, gardien wa Viboko FC. Ule mwenye kusimama mu goli na kutukanwa. Kabla ya hapo nilikuwa université, économie, nikaacha juu ya mpira. Prof moja aliniambia nitajuta. Sijamupigia simu bado.

Sasa sikieni vile ilianza.

Jumamosi tulicheza fainali. Dakika za mwisho, bila kwa bila, mutu akapiga mpira laini... Laini wallahi, mutoto wa shule ya maternelle angeudaka. Ukanipita kati ya mikono. Ukanipita kati ya miguu. Ukaingia polepole, kama mugeni anaogopa kuchafua nyumba.

Nililala mu matope, uso chini. Sikutaka kuinuka.

Mutu akanipiga picha. Mugongo tu, na namba 16.

Jioni picha ile iko ku page ya Facebook, ile inaitwa Ukweli wa Viboko. Page ya masupporter. Hakuna aliyejua nani anaandikaga pale. Chini ya picha:

"Huyu ameuza fainali. Kila atakayemukuta, amuvunje vidole. Asidake tena hata mukate."

Mi ni mutu wa masihara. Kwanza nilicheka. Nikafungua akaunti ya uwongo, jina Dorothée, na picha ya maua, nikaandika: "Mumusamehe jamani, ni kijana muzuri sana wa sura."

Wakanitukana mi, wakatukana na Dorothée.

Lakini komanteri zilikuwa zinaongezeka.

"Vidole yote kumi."

"Mi nataka kidole gumba tu, niweke ku funguo ya pikipiki yangu."

Hiyo ya kidole gumba ilipata like nyingi kushinda zote. Muikumbuke.

Jumatatu mama alirudi kutoka soko na kitambaa ya kichwa imelowa damu. Mutu alikuwa amemutupia jiwe katikati ya nyanya zake.

"Alisema nini?" nikamuuliza.

"Alisema, salamia mutoto wako."

Mama yangu anaitwa Mwanvua. Hajawahi kuingia stade hata siku moja. Hajui hors-jeu, ile ya kuotea, ni nini.

Nani alimuosha kidonda? Faruk.

Faruk ni gardien wa pili. Yeye anakaa ku banc ya akiba, mi nasimama mu goli. Kila Ijumaa anakula kwetu, mama anamuita mutoto wangu. Siku ile alipiga magoti, akamufunga mama kichwa vizuri kushinda infirmière wa hospitali. Halafu akanigeukia:

"Usisome komanteri, ndugu yangu. Ile ni watu hawana kazi."

"Na huyu mwenye page?"

"Achana naye. Mungu anamuona."

Nikasema amina. Wote watatu tukasema amina.

Sasa kuna kitu moja lazima mujue, juu bila hiyo hamutaelewa damu ilitoka wapi.

Viboko iko na maillot, jezi, moja tu ya gardien. Moja, ya kijani. Mwenye kucheza anaivaa, mwenye kukaa ku banc anabeba kwenda kuiosha. Njo kanuni yetu: aliyetoka jasho haoshi. Ku kiwiko imepasuka, na mama alishona kiraka ya pazia ya kwetu, maua ya njano. Hakuna maillot ingine kama ile Burundi muzima.

Baada ya fainali, Faruk aliiweka mu mufuko na matope yake. Mi nikasahau.

Jumatano page ikaandika: "Kesho baada ya asr, direct mbele ya mulango wake, Cibitoke. Tunachoma maillot yake. Mwenye mukono aje nao."

Na avenue yetu ikaandikwa.

Njo tunarudi pale ku jiwe.

Nilitambaa mpaka portail. Iko na kitundu, zamani ilikuwa ya kufuli. Nikaweka jicho.

Mutu alikuwa peke yake. Kofia, miwani nyeusi, cache-nez imemufunika shingo na uso mpaka chini ya macho. Sauti alikuwa anaifanya nzito, kama mutu wa sinema. Telefone yake ilikuwa imesimama juu ya tairi ya gari, inamupiga video. Majirani wamefunga milango yote.

"Munamuona? Amejificha nyuma ya mama yake," akaambia telefone. "Ngoja niwaonyeshe vile anadakaga."

Akatoa maillot ya kijani mu sakoshi. Akaivaa.

Akageuka, mugongo ku telefone, namba 16. Akaanza kuniigiza. Anaruka, anaanguka, anafungua miguu, analia ya uwongo. Vimoyo vikapanda mpaka vikamufunika.

Ukweli aliigiza vizuri. Hata mi ningeweka kimoyo.

Halafu akainua mukono...

Maua ya njano.

Nikatoa jicho ku kitundu.

"Mama," nikasema polepole. "Ule ni Faruk."

"Faruk gani?"

"Wetu."

Mama alishika tu kile kitambaa ku kichwa yake, ile Faruk alimufunga.

Sasa ikafika camionnette, gari ya mizigo, kutoka mutaa wa Kanyosha. Imejaa wanaume nyuma, na mafimbo, na vyuma vya ujenzi. Mbele yao jitu moja, wenzake wanamuita Révérien.

Hao walikuwa wameitwa na page. Uso wangu hawaujui, wananionaga kwa mbali tu mu stade. Wanajua kitu moja tu: mugongo wa kijani na namba 16, mbele ya portail ya Cibitoke.

Na walikuta nini?

Mugongo wa kijani na namba 16, mbele ya portail ya Cibitoke.

Chuma ya kwanza ilimupiga Faruk nyuma ya magoti.

Nilisikia kilio chake nje. Halafu nikakisikia tena mu telefone yangu. Kila pigo nilikuwa nalisikia mara mbili.

"Si mimi!" Alijitoa kofia, miwani, cache-nez, akawaonyesha uso. "Si mimi Khaled! Mi njo mwenye page!"

Révérien akacheka. "Mwenye page ni mukubwa yetu. We ni muuzaji. Unaona aibu kutaja jina yako?"

Akamupiga teke ya mudomo. Meno yalitoka na damu, nikayaona yanaanguka ku lami. Wengine wakamukanyaga mbavu. Moja akamuvuta mukono wa kulia, akaunyoosha juu ya jiwe kubwa ya pembeni, akakalia kiwiko yake.

Mu telefone komanteri zinakimbia:

"Vidole"

"Vidole, vidole"

"Gumba ni yangu msisahau"

Wasomaji, nitasema ukweli. Sikufungua haraka. Nilisimama pale, mukono ku kufuli, na kuna Khaled moja ndani yangu alikuwa anasema: acha wamalize, ni yeye aliyewaita.

Mama akanishika mukanda. "Usifungue. Watakuua."

"Watamuua yeye."

"Alitaka wakuvunje."

"Njo ivyo, Mama. Najua."

Révérien akanyanyua bloku ya sima, juu ya kichwa, mikono yote miwili.

Nikafungua.

"Achaneni naye! Namba 16 ni mimi!"

Wakageuka. Wakaniangalia, nimevaa singlet na kaptula ya kulalia.

"We nani?"

"Khaled. Gardien."

"Rudi ndani sha, kijana," moja akasema. "Hii si mambo ya majirani."

"Nasema ni mimi."

"Maillot yako iko wapi?"

Munaelewa? Walikuja kunivunja, nimejileta mwenyewe, wakanikataa. Mi mutu wa masihara, na masihara kama ile sijawahi kutunga.

Révérien akaachia bloku, usawa wa mukono wa Faruk.

Sikufikiri. Niliruka kushoto, mikono mbele, kama vile mukufunzi ananifundishaga kila asubuhi. Bloku haikupita kati ya mikono yangu. Wallahi ile niliidaka.

Lakini bloku si mpira. Ilishuka na mukono wangu wa kulia mpaka ku jiwe, na mukono ulikuwa katikati. Nikasikia kitu kama mutu anatafuna mahindi ya kuchoma.

Wakaangalia mukono wangu.

Ule aliyekalia kiwiko ya Faruk akasimama polepole. "Rév... ule ni gardien. Hakuna mutu mwingine anarukaga ivyo."

"Kwa hiyo huyu ni nani?" Révérien akaonyesha Faruk chini.

Mama alikuwa ametoka tayari. Alibeba sufuria ya maharagi, ile ilikuwa inachemuka tangu mchana. Hakutukana, hakulia. Alisema "Bismillah", akamumwagia Révérien kifua muzima.

Ile sauti alitoa, hata direct ilikatika kidogo.

Walipanda camionnette wanakanyagana. Moja aliacha kiatu. Mama alibaki amesimama katikati ya barabara na sufuria tupu, anauliza: "Nani mwingine hajakula?"

Ku hospitali walikata maillot na makasi ili wamufunge Faruk mbavu. Ile moja ya klabu. Daktari alikata pia vidole yangu mbili, ya mwisho na ya jirani yake. Ya katikati na ya shahada ziko mu plasta, na alisema hazitafunga ngumi tena. Mukono wa kushoto ulichanika, umefungwa kama mukate mu kitambaa.

Tulilazwa chumba moja, mi na Faruk, kitanda kwa kitanda. Gardien wa kwanza na gardien wa pili. Jumapili ile Viboko waliweka mushambuliaji mu goli, na T-shirt ya dada yake. Walifungwa sita.

Faruk hawezi kusema, taya yake imefungwa na waya. Siku ya pili niligeuka nikamuangalia.

"Ulimufunga mama kidonda, Faruk. Na mukono ule ule ulioandika."

Akalia. Machozi yalikuwa yanaingia mu bandeji.

"Juu ya nini?"

Akachukua telefone yake, ile ya ku tairi, kioo imepasuka. Akaandika kwa muda mrefu, akafuta, akaandika tena. Halafu akaninyooshea. Ilikuwa mustari moja tu:

"Nilichoka kuiosha. Nilitaka kuivaa."

Mama aliingia na sahani ya wali. Alinilisha mi kijiko. Halafu akakaa kitandani kwa Faruk, akaanza kumunywesha uji na kimupira cha kunywea, bila kumuangalia usoni. Mi bado sijafika kule mama alipofika.

Faruk hakunyoosha mukono kuomba telefone yake. Alinipa na code ya kuifungulia. Alinipa vyote.

Sasa angalieni juu kabisa, pale jina ya page imeandikwa.

Soma vizuri.

Ukweli wa Viboko.

Wakati munafungua, mulifikiri leo pia ni yule wa siku zote anaandika. Muliona title, mukafungua haraka, mukatafuta picha ya damu. Wengi wenu muliweka kimoyo kabla ya kusoma, nimewaona wakati nimepost ile title peke yake asubuhi. Hiyo masihara ni yangu, munisamehe.

Majina yenu ninayo yote hapa. Sitayataja. Nataka tu mujue kwamba nyuma ya namba kuna mutu, na siku mutaita watu wamuvunje, hao watu hawatauliza ni nani. Watavunja mwenye kuvaa.

Na we wa funguo ya pikipiki, najua umefika mpaka hapa. Ulikuwa wa kwanza kuweka like leo.

Kidole gumba bado niko nacho.

Njo hiki naandika nacho.