Ndugu Mwekundu

Wa kwanza kuona alikuwa mtu wa Finland, huko mbali, ambaye hata Eldoret hawezi kuipata kwa ramani. Aliandika chini ya video: dakika ya tatu na sekunde kumi na mbili, mbona mchezaji wa pili anabonyeza kitufe? Wiki jana hakuwa anabonyeza.

Wabuge alisoma hayo saa tatu asubuhi, kwa cyber ya Seline pale Langas, Novemba 2012. Alicheka kwa pua. Mchezaji wa pili hakuwa na vitufe. Mchezaji wa pili alikuwa ameachwa.

Wabuge alikuwa na digrii ya takwimu, second upper, na kazi ya kupigia watu photocopy. Digrii yenyewe ilikaa juu ya kabati kwa bahasha ya kaki, ikisomwa na mende. Kitu pekee alichowahi kufanya kikashangaza mtu ilikuwa hiyo video ya mbio, ya kumaliza mchezo kwa muda mfupi kabisa. Mchezo ulikuwa wa kitambo, wa kaseti ya manjano ambayo lazima uipulize ndiyo ishike: ndugu wawili, mmoja kijani, mmoja mwekundu, wanatoroka ngome inayoungua.

"Kwa hivyo ni wizi," Seline alimwambia siku alipomweleza.

"Si wizi. Tunasema wazi kompyuta imesaidia. Sekunde moja ni picha sitini, sawa? Nasimamisha kila picha, nachagua kitufe, nasonga picha moja. Nikikosea narudi nyuma, nafanya tena. Mpaka iwe perfect."

"Na ukikufa?"

"Sikufi. Narudi pale kabla sijakufa."

"Hiyo kitu Mungu angetupatia oh-eight," Seline alisema, halafu akashika mashine ya lamination, kwa sababu Eldoret mtu akitaja huo mwaka wa fujo za uchaguzi hukumbuka haraka ana kazi.

Alimaliza mchezo kwa dakika tisa na sekunde arobaini na moja. Kabla yake hakuna aliyeshuka chini ya dakika kumi. Siri ilikuwa moja: kumngoja mwekundu kunakula sekunde thelathini na moja, lakini lango la kwanza likifungwa kama yeye yuko nje, mchezo unamsahau. Watu waliandika kwa lugha zote, wakiuliza huyu Mkenya alifikiriaje kumwacha.

Sasa alifungua faili ya vitufe. Ni orodha ndefu, mstari mmoja kwa kila picha; safu ya kushoto ni ya kijani, ya kulia ni ya mwekundu. Safu ya kulia ilitakiwa kuwa tupu mpaka chini. Haikuwa tupu. Kulikuwa na kitufe, kitufe, kitufe. Nafasi. Kitufe, kitufe.

Alifuta. Akasave. Akafunga faili, akaifungua. Tatu. Nafasi. Mbili.

"Nani anachoma mahindi?" Seline aliuliza kutoka mlangoni.

Haikuwa harufu ya mahindi ya kuchoma. Ilikuwa ya mahindi ya gunia, stoo nzima ikiungua na paa lake. Langas, yeyote aliyepita umri wa miaka kumi anajua tofauti. Seline alijua.

Programu hiyo ya kusimamisha picha huhesabu kila mara unaporudi nyuma kujaribu upya. Wabuge alikuwa amerudi mara 8,112 kwa miezi saba. Adhuhuri ilisema 8,340. Alichomoa pad zote mbili za kuchezea, akaziweka kwa droo, akafunga. Ijumaa ilisema 61,907.

Basi akakaa, akaangalia, bila kuhisi chochote, vile mtu huangalia mvua. Nje ya lango yule mwekundu alikimbia kushoto akapigwa mshale, akarudi, akakimbia kulia akashikwa na moto, akarudi, akajificha nyuma ya pipa mpaka wale wenye mikuki wakapita lakini wa mwisho akageuka, akarudi, akaruka ua, akapita chini ya daraja, akaanguka, akarudi, na kila aliporudi alifika mbele kidogo kuliko mara iliyotangulia, mpaka mchana huo, huku mwanafunzi mmoja akiprint barua ya kuomba kazi hapo kando, mwekundu alipita vyote, akafika langoni mzima, akasimama uso kwa mbao, akagonga mara tatu, akatulia, akagonga mara mbili, na kijani upande wa pili, picha baada ya picha, alikuwa anakimbia kwenda zake.

Tatu, halafu mbili. Mtu mmoja tu alikuwa na hodi hiyo.

Thuo wa nyumba ya tatu. Tangu darasa la nne walicheza huo mchezo kwa TV ya kina Wabuge, Thuo daima mwekundu, na alipofika alibisha tatu na mbili ndiyo Wabuge ajue si babake. Januari 2008 Wabuge alikuwa nyumbani peke yake. Kwa lango lao kulikuwa na tawi la majani mabichi, alama kwamba hapa msichome, hapa si wale wanaofukuzwa. Saa nne na dakika kumi asubuhi, jua likiwaka vizuri kabisa, mlango uligongwa. Tatu, mbili. Wabuge alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwa mlango. Alihisi kila pigo kwa mbavu. Zilikuwa raundi saba. Alizihesabu. Kwa mbali vijana walikuwa wanaimba. Halafu raundi zikaisha.

Thuo hakupatikana, si mochari, si kwa kambi ya wakimbizi ya Showground. Mama yake, Nyaguthii, aliuliza mtaa mzima nani alimwona mwisho. "Sikumwona, Mama Thuo," Wabuge alimjibu. Ilikuwa kweli. Mlango ulikuwa wa mbao.

Na kila Novemba mama huyo alikuja hapo cyber na picha ya Thuo ya Form Four, atolewe kopi za kubandika stendi na kanisani. Aliyemtolea ni Wabuge. Alijua hata wino inataka kukolezwa wapi.

Jumamosi kompyuta zote nane zilionyesha lango. Seline aliita Pasta Nicanor, aliyekuja na suti ya kijivu na chupa ya mafuta aliyoyaombea.

"Pasta, si kwa keyboard," Seline alinong'ona. "Nakuomba. Paka monitor peke yake."

"Pepo haliogopi keyboard, dada. Wewe jini! Kwa jina la Yesu, unataka nini hapa?"

"Mi najua anachotaka," Wabuge alisema. Hakuna aliyemsikia, kwa sababu mvua ya mawe ilishuka wakati huo huo, ile ya Eldoret ya saa nane inayopasua mabati, na Seline akakimbia kufunga mlango wa chuma, na giza la mchana likaingia na ile harufu ya stoo inayoungua, nzito mpaka Pasta akafunika pua na tai, na kwa skrini nane wale wekundu wanane wakafika langoni pamoja, wakasimama, wakainua mikono, na kilichogongwa hakikuwa lango la ngome, kilikuwa ule mlango wa chuma nyuma yao. Tatu. Mbili.

"Usifungue," Seline alisema.

"Wabuge," Pasta alisema kwa sauti ndogo, "wewe ndiye uko karibu."

Wabuge alikuwa karibu. Komeo lilikuwa hapo, urefu wa mkono. Tatu. Mbili. Hakusonga. Miaka karibu mitano alikuwa amejiambia siku ile ilikuwa woga, na kwamba mtu hukua.

Mwisho ni Pasta aliyefungua, macho yamefumbwa.

Aliyesimama pale alikuwa Nyaguthii, mawe ya barafu kwa leso, bahasha ya plastiki kifuani.

"Mbona mnanifungia na mawe yananipiga? Hamsikii hodi?"

"Mama Thuo," Wabuge alisema, "mbona umegonga hivyo?"

"Hivyo vipi? Ndivyo kijana wangu alikuwa akigonga. Mkono umeshika tu." Aliangalia skrini. Akasogea. "Huyu mwekundu amefungiwa nje kwa nini?"

"Ndiyo njia ya haraka," Wabuge alisema. Alisikia alichosema. Akakaa kwa kiti. "Mama, siku ile Thuo alikuja kwetu. Aligonga. Mimi nilikuwa ndani."

Nyaguthii aliweka bahasha juu ya photocopy, polepole, kama ina mayai.

"Saa ngapi?"

"Saa nne na dakika kumi."

"Aligonga mara ngapi?"

"Raundi saba."

Mvua ilipungua. Seline alikuwa analia bila sauti.

"Kwa hivyo alifika," mama alisema. "Mi nilikuwa nafikiri walimshika njiani. Alifika." Alitoa ile picha, akaiangalia, akairudisha. "Leo sitaki kopi."

Aliondoka. Skrini moja baada ya nyingine zilirudi kwa bei za kuprint. Hesabu ilisimama. Pasta alisema pepo limetoka, na Wabuge akaunda mbio upya, kijani akingoja, lango likiwa wazi, wote wawili wakitoka. Dakika kumi na sekunde kumi na mbili. Watu waliangalia kidogo wakaacha. Yule wa Finland aliandika kwamba imekuwa polepole.

Januari ilifika, kampeni zikipita na vipaza sauti. Wabuge siku hizi hafungi mlango wa kwao. Ameuegemeza na jiwe, uko wazi wote, kuku wanaingia. Saa nne na dakika kumi alikuwa mezani na chai, akiangalia uwanja, jua, kamba ya nguo. Hapakuwa na mtu.

Ubao wa mlango uligongwa mbele ya macho yake. Tatu. Mbili.

"Ingia," Wabuge alisema. "Uko wazi."

Tatu. Mbili.

"Thuo, ingia, bana."

Alihesabu mpaka raundi ya saba. Akaweka kikombe chini, akangoja ziishe.

Ya nane ilianza.