Vinkubala wa Juu

Ndugu zangu wa Kasungami, nanyi wa mjini mnaokula vinkubala, viwavi wetu watamu, bila kuuliza wanatoka wapi, sikilizeni yaliyompata Virginie.

Asubuhi ile msitu wa mtaa ulikuwa umetulia. Viwavi wanene walitafuna majani ya miti ya mitobo, na sauti yao ilisikika kama manyunyu. Wanawake waliokota huku wakitaniana. Desturi ilikuwa moja: wa matawi ya chini tunakula, wa juu tunawaacha. Hao ndio wanaoshuka, wanajifukia udongoni, na msimu ujao wanatoka wakiwa vipepeo na kutaga mayai. Mtaa mzima ulikuwa umemchagua Godefroid, mume wa Virginie, kuwa mlinzi wa msitu.

Jirani yake Christiane alichungulia kitunga cha Virginie, akacheka.

“Mama, bwana yako analindaka miti, lakini kitunga yako inalala njaa!”

Wote waliangua kicheko. Virginie naye alicheka, lakini moyoni kilimchoma.

Kesho yake, Godefroid alipokwenda mjini, Virginie alibeba shoka. Mtobo wa kwanza ukaanguka, na vinkubala wa juu wakajaza kitunga mara moja. Ninyi mngesimama hapo? Yeye hakusimama. Christiane alifika mbio, akamkuta kwenye mti wa tatu.

“Virginie! Unafanya nini?”

“Unaona. Leo kitunga inashiba.”

Wengine nao walifika. “Kama bibi ya mulinzi anakata, siye tunangoja nini?” alisema mmoja, na mashoka yakatoka majumbani. Alasiri Godefroid aliporudi, upande mzima wa msitu ulikuwa umelala chini.

“Nani alianza?”

Virginie aliweka shoka lake chini.

“Ni miye,” alisema Virginie.

Godefroid alimgeukia. “Bantu balinichagua miye. Sasa nitamukataza nani?” Jioni ile ile aliacha kazi ya ulinzi.

Msimu uliofuata mvua zilinyesha vizuri. Visiki vilichipua majani mabichi, ila hakuna kilichoyatafuna. Wanawake walizunguka na vitunga vitupu, wakaenda sokoni kutafuta vinkubala wa mbali, wachache na wakavu. Hakuna aliyetania.

Kwenye mkutano wa mtaa Virginie alisimama.

“Kule upande wa pili wa msitu kumebakia mitobo kumi na mbili, na vinkubala kidogo. Tusiguse hata kinkubala moja, miaka tatu. Miye wa kwanza.”

“Na weye, nani atakulinda?” aliuliza Christiane.

“Weye,” alijibu Virginie. “Unipige kelele kwa nguvu kupita siku ile.”

Christiane akavuta kiti chake, akaketi karibu naye.

Funzo

Tusidhani kwamba tukishamchagua mlinzi, kazi yetu imekwisha. Msitu ni wa wote, basi kila mmoja aulinde, akianza na shoka la nyumbani kwake. Na ukimwona jirani anakosea, mkemee mpaka aache. Usikimbilie shoka lako. Anayekula vya msimu ujao leo, anawanyang'anya watoto wake.